Pengo la Mwisho kwenye Sinia

Malaba, mpakani

Kaka Mselem,

Assalaam aleikum. Nimeanza kwa salamu kwa sababu salamu ni amri ya dini, si zawadi yangu kwako. Natumai u mzima. Nakuombea hasa uzima wa macho, uisome barua hii mwenyewe mwanzo hadi mwisho bila kumpa mtoto akusomee. Mikono yako siiulizii. Habari zake nimezipata, na nitazirudia huko mbele kwa raha zangu. Mimi ni mzima. Kama hukutaka kujua, basi umeshajua.

Kabla ya yote, mwambie aliyekuletea barua hii akae, apewe maji ya kunywa. Ametoka mbali na miguu imemvimba. Na ule mzigo uliofungwa kwa leso usiufungue. Nakujua wewe, hapa ulipofika mkono mmoja uko kwenye fundo. Utoe. Soma kwanza, kufungua utafungua baadaye.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei. Tangu harusi ya mwanangu umenifungia laini. Nikipiga naambiwa mteja hapatikani, kisha Mama ananipigia kwa simu yake ananiambia mteja yuko barazani anakunywa kahawa. Hata ulipokuwa na haja nami hukupiga. Ulimpa dereva wa lori la makontena sinia letu, umelifunga kwa gunia kama papa mkavu, ukamtia na maneno mdomoni: "Mwambie Bakari aandike jina la Rukia. Rukia tu. Pengo lililobaki lote ni la binti yangu, asiongeze kitu." Dereva wa watu aliona haya. Alilishusha gunia mlangoni pa karakana ninayofanyia kazi akaniambia, "Boss, mimi ni wa kutumwa tu, usinichukie bure." Wewe hukuona haya.

Basi jibu lako ni hili, na nitalianza mbali kwa sababu nataka uchoke.

Wewe Malaba unaijua kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi za mizigo bandarini. Mimi naishi ndani yake. Malori yamejipanga kuelekea Uganda mpaka macho yanachoka, madereva wanasonga ugali chini ya matrela, na vumbi linaingia hadi kwenye chumvi. Kiswahili cha hapa kitakuua kabla ya malaria. Mtu anaondoka huku anakuaga, "Nakuja." Siku zangu za mwanzo nilimngoja mteja mmoja aliyesema anakuja, nikakaa na njaa yangu mpaka tukafunga mlango, kumbe alikuwa anakwenda zake Bumala. Sikukasirika peke yangu tu, nilikasirika na mji mzima. Sasa nimezoea, na juzi mimi mwenyewe nimemwambia mtu "nakuja" nikaenda zangu kuswali.

Karakana ni ya mama mmoja wa Marachi anaitwa Nafula, sisi mafundi tunamwita Madam. Ndiye mwenye ile mashine ya CNC uliyoilaani bila kuiona, ile unayochora kazi kwenye kompyuta kisha yenyewe inashika ncha na kuchonga chuma. Madam ana mdomo mkali kuliko hiyo ncha. Asubuhi ya kwanza aliniambia, "Wewe mtu wa Mombasa, maneno mob, kazi kidogo. Mimi nimeandika fundi ama nimeandika mtangazaji?" Tumegombana tangu siku hiyo mpaka leo na hajanifukuza, na mimi sijaondoka.

Kazi yetu kubwa ni vitu vya duara. Dereva anataka majina ya wanawe yazunguke kifuniko cha gurudumu, shule inataka medali, mwenye pikipiki anataka jina lake kwenye kifuniko cha injini ili mwizi aone haya. Na nikueleze kitu, kwa sababu wewe ulisema hii si kazi. Maneno kwenye mstari ulionyooka ataandika yeyote. Kwenye duara ndipo fundi anapojulikana. Unachora duara kwenye kompyuta, unaandika jina, unaliambia lipande likae juu ya duara, nalo linajipinda. Hapo bado. Lazima uamue miguu ya herufi ielekee kitovuni au ielekee nje. Ikielekea nje, vichwa vinabanana upande wa ndani, na usipoziachanisha herufi vizuri zinagongana kama watu mlangoni kwa pilau. Na usipoamua, programu inakuamulia, na kila mara inaamua miguu ndani, kama maandishi ya juu ya sarafu. Hilo la mwisho lishike, litakuja kunitia aibu huko mbele.

Unakumbuka ulivyosema siku niliyoondoka? "Mashine haina mkono, na kisicho na mkono hakina baraka." Ukazifungia tindo za marehemu baba kwenye kabati, zote, hata ile ndogo aliyonipa mimi nikiwa mwanafunzi wake. Nikachukua nguo zangu nikapanda basi. Leo Mama ananiambia mkono wako unatetemeka, hata kikombe cha kahawa unakishika kwa yote miwili. Nilicheka. Nakwambia wazi ili usisikie kwa watu: nilicheka peke yangu ndani ya karakana. Halafu nikaacha, kwa sababu ni mikono ileile iliyoshika yangu ikanifundisha kugonga tindo bila kupasua shaba. Lakini kucheka nilicheka. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata ubusu. Wewe hukuweza kuukata wangu, na kuubusu ukaona taabu, ndipo ukamtuma dereva.

Sasa nitakukumbusha sinia lile ni nini, maana naona umelisahau huku ukilifungia.

Babu alilifua kwa nyundo. Desturi ya nyumba yetu ni kwamba kila binti akiolewa, jina lake huchongwa kwenye ukingo, wali wa harusi huandaliwa humo, naye huketi mbele ya jina lake akapakuliwa wa kwanza. Majina ya zamani yako kwa herufi za Kiarabu, mkono wa babu. Ya karibuni ni mkono wa baba, kwa herufi za Kizungu. Na halikuwa pambo la harusi tu. Shangazi Zuhura alipofiwa na mume akarudi na furushi lake, sisi wawili tulikuwa tumekaa ngazini tukamwona akiingia. Hakuna aliyemuuliza amekuja kukaa siku ngapi. Baba alishusha sinia, akaligeuza mpaka jina la Zuhura likamwelekea mwenyewe, akampakulia. Ikawa basi, karudi kwao. Binti mwenye jina kwenye sinia ana mlango, na asiye na jina hana pa kurudia.

Ndiyo maana nilikuomba sinia, mwanangu Mwanakheri aliposema anaolewa huku. Nilikuomba kwa adabu, mdogo kwa mkubwa. Mwanangu huyu si wa kuokota. Mamake alipofariki, Mama ndiye aliyemlea nyumbani humo humo mwako, kitanda kimoja na Rukia, sahani moja na Rukia, na ulikuwa ukiwachapa wote wawili kwa kosa la mmoja. Alinifuata huku akapata kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani, akakutana na kijana wa hapa, Moses, akawa Musa, shahada ameitoa kwa kinywa chake mbele ya shekhe na mimi nikisikia. Unataka nini tena? Kwanza ulisema ufunguo wa sanduku la sinia umepotea. Mama alipouona ufunguo shingoni mwako, ukasema la moyoni: jina la mke wa mtu wa bara haliingii kwenye sinia la babu.

Mwanangu aliolewa akala wali wa harusi yake kwenye sahani za plastiki za kukodi. Hakulia mbele ya watu. Alilia jikoni kwangu, ameegemea mlango. Sijakusamehe. Naandika tena ili wino ukolee: sijakusamehe.

Hebu sikiliza sasa walivyofanya hao watu wa bara.

Babake Musa anaitwa Mzee Ekirapa, Mteso wa hapahapa, mkulima, Mkatoliki asiyekosa misa ya Jumapili wala chungu cha busaa, ile pombe yao. Kwao watu wazima huketi kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na kila mmoja ana mahali pake. Siku moja alikuja karakana amebeba begani duara la chuma bapa, pana kama tairi ya baiskeli, alilokatiwa na fundi wa kuchomelea. Chungu kitakaa katikati, akasema, na juu ya duara anataka majina ya watu wote wa boma lake, kila mtu mbele ya mahali pake. Akanitajia majina akikunja vidole. Alianza na lake, likaja la mkewe, wanawe, wake za wanawe. La mwisho akasema, "Na Mwanakheri."

Wallahi nilipandwa na mori. Nikamwambia, "Mzee, jina la mwanangu kwenye chungu cha pombe? Mjukuu wa mtu aliyesomesha madrasa? Sisi hatunywi, na hilo unalijua."

Mzee hakukasirika. Alivuta kigoda akakaa. "Mkwe, nani amesema akunywe? Yeye akunywe uji yake, akunywe soda, hiyo si shida. Lakini watu ya boma wakikaa, yeye atakaa wapi kama hana mahali?" Akaningoja. Akasema, "Si lazima akunywe. Lazima akae."

Ningemjibu nini, na sinia liko sandukuni kwako? Niliwasha kompyuta na hasira zangu, nikachora duara, nikayamimina majina, nikafunga chuma kwenye mashine nikaiacha ikate. Hasira ni hasara, Kaka. Sikuamua miguu ielekee wapi, na programu ikaamua yenyewe.

Mzee alirudi kuchukua kazi yake. Akaliweka duara sakafuni, akalizunguka taratibu, ameinama, mikono nyuma. Akazunguka tena. "Mkwe, hii umeandikia nani?"

"Nimewaandikia nyinyi, Mzee."

"Hapana. Sisi tunakaa huku nje." Akanionyesha miguu yake. Kisha akaonyesha katikati, mahali pa chungu. "Hii umeandikia busaa. Na busaa haijuangi kusoma."

Ilikuwa kweli tupu. Kila mtu angeketi mahali pake aone jina lake kichwa chini. Madam alicheka mpaka akashika meza. "Mtu wa Mombasa ameandikia pombe barua! Ngoja nieleze watu wa stage ya matatu." Lakini Mzee hakuwa anacheka. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kwao kiti cha mtu kikipinduliwa, huyo mtu amekufa, na mimi nimepindua boma zima, watoto na mama zao. Nikaona aibu ambayo sikuwahi kuionea kazi yoyote. Nililigeuza lile duara nikachonga upya upande wa pili, miguu ya herufi nje, nikaachanisha vichwa mojamoja kwa macho yangu, jina la Mwanakheri nikalipitia mara mbili. Ule upande wa kosa sasa unatazama ardhi.

Na nilipokuwa nikiachanisha vichwa hivyo ndipo nikaliona sinia mbele yangu. Baba alichonga vivyo hivyo, miguu nje, kuelekea wanaokula. Hakuwa na duara la kompyuta. Aliketi upande huu akachonga, akazunguka akaketi upande ule akachonga, mahali hasa pa kuketi mwenye jina. Wewe na mimi tulidhani ni mazoea ya kizee.

Siku walipokiweka chungu juu ya duara lile nilialikwa, nikaenda, nikakaa mbali na harufu. Mzee alimwita Mwanakheri, akamshika bega, akamkalisha mbele ya jina lake. Wakamletea uji wa wimbi kwenye kikombe kikubwa cha bati, wakamtia na mrija kama wao, kwa utani. Wakwe zake wakacheka, naye akacheka, akavuta uji kwa mrija mpaka ukamtoka puani. Nilikutukana moyoni siku ile, Mselem, matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua iliyoanza kwa salamu. Watu wasioijua hata nyumba yetu iko mtaa gani walimpa mwanangu mahali pa kukaa, na ami yake, tumbo moja na babake, alimnyima.

Haikupita muda, sinia likaja kwa lori na amri zako.

Nililifungua gunia nikalitia kwenye mashine. Nikwambie ukweli wa fundi kwa fundi: lilinisumbua. Programu inajua duara la kitabuni, na sinia la babu ni duara la nyundo, huku limejaa kidogo, kule limebonyea. Kitovu chake ilibidi nikitafute kwa pointi tatu za ukingoni, nikikosa nirudie. Ukingo nao unapanda na kushuka, kwa hiyo niliishusha ncha ikaupapasa kidogokidogo, mashine ijifunze palipoinuka na palipozama, isije ikachimba hapa na kupiga hewa pale. Herufi sikutaka za kompyuta. Nilizipiga picha herufi za baba zilizomo, nikazifuatisha mojamoja kwenye kioo cha kompyuta mpaka nikapata mkono wake, hata ile R yake yenye mguu uliopinda kama inataka kuketi.

Halafu nikapima pengo.

Kaka, pengo lile si la jina moja. Nilitia Rukia kwa ukubwa wa herufi za baba na nafasi zake, akabaki anaelea kama mbuzi mmoja kwenye uwanja wa mpira. Baba alipochonga jina la mwisho alikuwa na wajukuu wa kike wawili, mmoja wako na mmoja wangu, wanatambaa miguuni pake wakila vumbi la shaba. Aliacha nafasi ya wote wawili. Wewe umekaa na sinia hilo miaka yote, unaliona, mwanafunzi wake mkubwa, fundi wa kupima kwa jicho. Usiniambie hukujua.

Hapo ndipo nilipoharibika. Nilimfuta Rukia kwenye kioo. Nikaandika Mwanakheri peke yake, nikaachanisha herufi zake mpaka zikajaza pengo lote, ukuta kwa ukuta. Nikasema moyoni, Rukia wako naye aolewe kwenye sahani za kukodi, uone inavyokaa kooni. Akutendaye mtende. Madam alipita nyuma yangu akasimama. Habari yote alikuwa anaijua, kwa sababu nimeipigia kelele karakana nzima. Akasema, "Weka. Huyo brother yako ni mtu mbaya." Ni mara ya kwanza kukubaliana na mimi tangu aniandike kazi.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe wakati Mwanakheri alipoingia na chakula changu cha mchana. Aliweka bakuli, akatazama kioo, akatazama sinia lililofungwa chini ya ncha. Alilitambua. Hakuwa ameliona tangu atoke nyumbani. Alipitisha kidole kwenye majina ya zamani, akafika pale pa Shangazi Zuhura, akafika kwenye pengo.

"Baba," akasema, "na Rukia atakaa wapi?"

Nikamwambia atakaa kwa babake, babake ana nafasi nyingi.

"Rukia hakufanya kitu. Alinipigia simu usiku wa kuamkia harusi yangu akalia mpaka salio likaisha. Mimi nimekula kwenye sahani ile ya plastiki, Baba. Usimkalishe Rukia hapo."

Nikamkaripia. Nilimwambia huruma yake ndiyo inayowapa watu kama ami yake nguvu. Alifunua bakuli akanipa kijiko kama anayempa mtoto. Madam akasema, "Kumbe huyu mtoto ako na akili kushinda babake," akaenda zake, na hapo alikuwa ameshasahau kwamba yeye ndiye aliyesema weka.

Nilikula kwanza. Kisha nikafuta, nikayaandika majina yote mawili, Mwanakheri kisha Rukia, kwa herufi za baba. Yakaingia, yakabakiza upungufu mdogo tu, upana wa mguu mmoja wa herufi. Programu ikanishauri nipunguze ukubwa. Sikukubali. Majina ya hao mabinti hayatakuwa madogo kuliko ya bibi zao. Nilikaa nayo nikiyasogeza, nikiyarudisha, mpaka nikaona dawa yake. Mguu wa mwisho wa Mwanakheri, ile I, ni fimbo moja iliyosimama. Mguu wa kwanza wa Rukia, ule wa R, ni fimbo moja iliyosimama. Nikazifanya fimbo moja. Nimeirefusha kidogo kuliko nyingine ili kila mmoja aione kuwa ni yake. Mashine ikapita mara moja, taratibu, na mabaki nikayasugua kwa mkono wangu huu, mkono ambao ulisema mashine haina.

Sasa fungua leso.

Ushaona? Miguu iko nje, kuelekea wanaokaa. Wataketi goti kwa goti kama walivyokuwa wakiketi, na mmoja atamnyang'anya mwenzake nyama kama kawaida. Tindo za baba unazo wewe. Ukitaka kulifuta jina la mwanangu, lifute, mimi niko mpakani sikuoni. Lakini huwezi kummaliza Mwanakheri bila kumkata Rukia mguu. Bintiyo ataketi siku ya harusi yake mbele ya jina lililovunjika, wageni watauliza, na utawajibu wewe. Nilikusudia hivyo. Usije ukadhani ni bahati mbaya ya mashine.

Na usidhani hii ni suluhu. Sijakupa mkono. Harusini kwako sitakuja, hata ukiniletea ndege. Kazi hii nimemfanyia baba, aliyejua kupima.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya miguu aliyoagiza imo ndani ya leso hiyohiyo, apake akitoka kuoga. Nisalimie Shangazi Zuhura, ambaye akiliona sinia hili atalia kwanza halafu atakugombeza, na umwache akugombeze. Shemeji, mkeo, msalimie kwa heshima zote. Yeye alimtumia mwanangu vyombo vya jikoni kwa mlango wa nyuma, na kama hukujua, umejua, na ukimuuliza neno juu ya hilo nitasikia. Nisalimie jirani yetu mzee muadhini, mwambie huku adhana nazisikia mbili, ya ng'ambo Uganda na ya hapa, na hazijawahi kuanza sawa. Mwambie bibi harusi kwamba ami yake anampenda na karibu amfanyie ubaya, na dadake ndiye aliyemzuia.

Limebaki moja, Kaka, na hili sikuliandika mwanzo kwa sababu ungeitupa karatasi.

Umeshaiona hali ya aliyekuletea sinia. Binti humzaa mtoto wake wa kwanza nyumbani kwa mamake, ndiyo desturi. Mamake hayupo, lakini nyanyake yupo, na kitanda walichokuwa wakilalia pamoja, Rukia bado yuko juu yake. Mzee Ekirapa alitaka akae huku, akasema boma lake lina nafasi, na ni kweli lina nafasi. Mwanakheri mwenyewe akasema anataka kwenda kwao. Nilimuuliza kwao wapi, akanitazama kama niliyemuuliza jina lake. Nilimpeleka kwenye basi mwenyewe, sinia mapajani mwake, hakukubali liwekwe na mizigo.

Kwa hiyo inua macho. Kama bado amesimama mlangoni, basi mimi ndugu sina, na barua hii iwe ya mwisho. Kama amekaa, shusha sinia chini, uligeuze mpaka jina limwelekee mwenyewe, umpakulie. Umpakulie wewe, si shemeji, si Mama. Kwa mikono yako miwili, itetemeke isitetemeke.

Mdogo wako, ambaye hajakusamehe,

Bakari